Donge kwenye Sinia la Ndege

Hii ilimpata Bonaventura, niliyemaliza naye darasa la kumi na mbili, na sasa tunasaga soli naye. Kila ofisi "No vacancy!", hata shikamoo haijaitikiwa.

Mzungu mmoja wa mgodi wa Sekenke akamwahidi ukarani, provided memsahib wake aone ndege bustanini. Imagine! Cheti chote kile, kazi yake kumwaga mtama kwenye sinia la bati, na nyumbani kwao Bonaventura wanashindia uji. Lakini ndege wakitua tu, mtu nyuma ya ua hupiga kelele, "Haaaya! Haaaya!", kama watoto wanaofukuza ndege shambani. Wote wanaruka.

"Very disappointing," bwana akasema. "Kesho ndiyo mwisho."

Giza likiingia, Bonaventura akatoka na fimbo. Nyuma ya ua hapakuwa na shamba, ni vumbi tupu la kiangazi.

"Toka, mwanaharamu! Unanilia ugali wangu!"

Kisha, ndani ya bustani alikotoka: "Haaaya!" Kitu kikagonga sinia, ngaa!

Akarudi mbio, akawasha kiberiti. Hapana mtu. Juu ya mtama palikuwa na donge la udongo, kama yale tunayorushia ndege, bichi, lenye alama za vidole vya mtoto. Akalikamata kwa hasira, akalitupa ng'ambo ya ua, memsahib asilione. Kiberiti kikazimika.

Ngaa!

Akawasha kingine. Donge ni lile lile. Lilikuwa na alama za vidole vyake mwenyewe, na juu ya hizo, mbichi zaidi, zile za vidole vidogo.