Chumba Kidogo Kuliko Vyote

Rafiki yangu, fundi wa sauti, haogopi kitu isipokuwa fomu. Mchana mmoja alifunga mapazia ya studio amalizie rekodi ya kundi la dada yake, fidla mbili na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, iliyotakiwa na kamati ya uteuzi ya tamasha kabla ya saa kumi. Kilichobaki ni kuchagua mwangwi, yaani chumba cha kubuni ndani ya kompyuta. Kamati iliagiza “ukumbi mkubwa”, na humo fidla zilipotea kama barua zinazopelekwa kwa kamati.

“Weka wanachotaka, kaka,” dada alisema kwenye simu. “Tukikosa nafasi hii, kundi linavunjika.”

“Sikuzamishi kwenye ukumbi wao. Niachie mimi.”

Akachagua chumba kidogo kuliko vyote. Ili kukijaribu alivaa hedifoni, akawasha maiki, akainua mikono apige makofi mara moja. Mwangwi ulisikika kabla viganja havijakutana. Akarudia. Ukatangulia tena.

“Sikubadilishi,” akakiambia chumba, akatia mikono mfukoni.

Makofi yakaja hata hivyo, polepole, ya mtu mmoja. Akatoa mkono mmoja tu, akaituma rekodi na chumba chake, kisha akavua hedifoni.

Makofi yaliendelea, sasa nyuma ya pazia.