Jicho la Guyo na Habari za Kweli

Asubuhi, katika tambarare za Tana, ukungu hutoka mtoni. Hutambaa juu ya nyasi polepole, hufunika miguu ya ng'ombe, na ng'ombe wanaonekana kama wanaelea. Jua likipanda, ukungu huondoka. Watu wote kijijini kwa Guyo waliuona ukiondoka. Guyo hakuuona. Kwake ulibaki mpaka jioni.

Ulianza miaka mitatu nyuma. Kwanza Guyo alidhani ni moshi wa jikoni. Akamwambia mkewe, Qabale, apikie nje. Qabale akapikia nje. Ukungu ukabaki palepale.

Guyo alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Maisha yake yote alikuwa mfugaji. Zamani aliweza kusimama mbali akasema, "Yule mwekundu anachechemea," na kweli mwekundu alikuwa anachechemea. Sasa ng'ombe walipita mbele yake kama vivuli ndani ya maji. Alisikia kengele zao. Alinusa maziwa na vumbi. Lakini nani ni nani, hakujua.

Mchana, joto lilipozidi, alilala kwenye kivuli cha nyumba. Huko usingizini aliona vizuri kabisa. Aliona kila nywele kwenye shingo ya ndama. Aliona mto ukimetameta, na ndege weupe juu ya migongo ya ng'ombe. Aliona hata uso wa marehemu mama yake, na pete yake ya fedha.

"Siku hizi unalala sana, Baba Hamdi," Qabale alimwambia. Hamdi ni binti yao mkubwa, aliyeolewa Bangale.

"Nikilala ninaona," Guyo alijibu. "Nikiamka ndipo giza linaanza."

Qabale alikaa karibu naye, akaendelea kusuka mkeka.

Siku moja Guyo alirudisha ng'ombe nyumbani. Alikuwa na furaha, maana hakuwa amepotea njia. Jioni jirani yake, Nuh, akaja.

"Guyo, nimekuja kumchukua ndama wangu," Nuh alisema.

"Ndama gani?"

"Yule uliyemfungia zizini kwako. Umemleta pamoja na wako."

Nuh alicheka kidogo, maana alijua si wizi. Walikuwa marafiki tangu utotoni. Lakini Guyo hakucheka. Mfugaji anayechukua ndama wa mtu bila kujua, kesho atafanya nini? Siku ile hakunywa chai.

Baada ya siku mbili Asmaa alifika. Asmaa ni mhudumu wa afya wa kijiji. Hutembea nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa buluu, hupima watoto, huuliza habari za wazee. Alimketisha Guyo kwenye mwanga, akamtazama machoni.

"Mzee Guyo, katikati ya jicho lako pana weupe. Huu ni mtoto wa jicho," alisema. "Ndani ya jicho kuna kioo kidogo. Mtu akizeeka, kioo hicho huingia ukungu. Dawa ya kienyeji haiwezi kukisafisha. Miwani pia haiwezi. Daktari hukitoa na kuweka kingine kipya."

"Anatoa jicho?" Guyo aliuliza.

"Hapana. Jicho linabaki mahali pake. Kinachotoka ni kioo tu, nacho ni kidogo kuliko mbegu ya tikiti. Wiki ijayo kutakuwa na kambi ya macho Garsen. Madaktari wanakuja kupasua bila malipo. Pia wanafanya utafiti."

Qabale aliacha kusuka. "Utafiti?" aliuliza. "Si ndio ule wa kujaribia dawa kwa watu kama panya?"

"Mama Hamdi, ni vizuri umeuliza," Asmaa alisema. "Twendeni. Mtamuuliza mwenyewe anayeufanya. Mkikataa utafiti, bado mzee atapasuliwa."

Walikwenda Garsen kwa bodaboda, Guyo katikati, Qabale nyuma yake akimshika kiuno. Upepo ulikuwa wa moto. Guyo aliona rangi zikipita bila umbo: kijani, kahawia, kisha mng'ao mkubwa mweupe. "Huo ni mto," Qabale alimwambia sikioni.

Kwenye kambi walipokewa na mwanamume wa makamo aliyeitwa Harith. Alikuwa tabibu wa macho, na ndiye aliyesimamia utafiti. Alikuwa na karatasi, lakini hakuziharakisha. Alimwita muuguzi anayejua Kiorma, lugha ya nyumbani kwa Guyo, ili kila neno litafsiriwe.

"Mzee wangu," Harith alianza, "baada ya kupasuliwa, jicho linahitaji dawa ya kuzuia uvimbe na vidudu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni matone. Unatia mara nne kwa siku, mwezi mzima. Ya pili ni sindano moja karibu na jicho, siku ileile ya upasuaji, na dawa inakaa humo wiki kadhaa. Njia zote mbili madaktari wanazitumia tayari."

"Ipi ni bora?" Guyo aliuliza.

"Sijui."

Guyo alishtuka. Hakuwahi kumsikia mtu wa hospitali akisema hajui.

"Mjini tunajua kiasi," Harith aliendelea. "Lakini kwa mtu anayeishi mbali, anayetembea na ng'ombe juani, hatujui. Ndiyo maana tunatafiti. Nusu ya watu watapata matone, nusu sindano. Kisha tutawafuata na kuwauliza: jicho likoje? Tutalinganisha."

"Na nani anachagua?" Qabale aliuliza.

"Hachagui mtu. Ziko bahasha zilizofungwa. Tunafungua inayofuata, na iliyomo ndiyo yako. Mimi nikichagua, huenda nikawapa wenye ugonjwa mwepesi ile dawa ninayoipenda. Halafu nitasema ni nzuri, kumbe nimejidanganya."

Qabale alifikiri. "Na akichoka katikati?"

"Anatoka. Hatumwulizi kwa nini, na matibabu yake yanaendelea. Jina lake halitaandikwa popote pa kusomwa na watu. Anaweza pia kusema hapana sasa hivi."

Nje watu walizungumza, sauti zikaja na kuondoka kama nyuki. Mwishowe Guyo alinyoosha mkono kukubali. Muuguzi alimsomea karatasi yote tena kwa Kiorma, kisha Guyo akaweka alama ya dole gumba. Bahasha ikafunguliwa. Ilikuwa matone.

Upasuaji wa jicho la kushoto haukuchukua muda. Walilitia ganzi, hakuhisi maumivu. Aliona mwanga mwingi, kama anaangalia jua akiwa chini ya maji. Rangi zilizunguka taratibu: buluu, zambarau, kisha nyeupe tupu. Alidhani amelala. Kumbe alikuwa macho.

Kesho yake Harith alifungua bandeji. Guyo alipepesa jicho. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa shela ya manjano. Alikuwa na mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo Guyo hakuijua.

"Umezeeka, Mama Hamdi," alisema polepole.

"Na wewe," Qabale alisema. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya shela.

Wiki ya kwanza nyumbani, Qabale alimtilia matone mwenyewe. Alinawa mikono kwa sabuni, akavuta kope la chini, akadondosha tone moja. Mara nne kila siku. Chupa aliiweka chini ya mtungi wa maji, mahali pa baridi. Guyo alikaa mlangoni akitazama. Alitazama mchwa, majani, nyufa za ukuta. Kila kitu kilikuwa kipya.

Wiki ya pili alishindwa kukaa. Malisho yalikuwa yamesogea. Alikwenda na ng'ombe siku tisa, chupa ikiwa mfukoni mwa shati. Huko juani hakuwa na Qabale, wala maji ya kunawa. Siku nyingine alitia mara moja. Siku nyingine alisahau. Jicho lilikuwa linaona, basi matone ya nini?

Aliporudi, jicho lilikuwa jekundu. Liliuma, na mwanga wa jua ulilichoma. Ule ukungu ukaanza kurudi pembeni, mwembamba, kama pazia. Guyo alivuta kilemba mpaka kwenye nyusi, akamwambia Qabale ni vumbi.

Siku hiyo simu ililia. Alikuwa Harith.

"Mzee wangu, jicho likoje? Linauma? Limekuwa jekundu?"

"Zuri kabisa, daktari," Guyo alisema. "Hakuna shida. Mungu akubariki."

"Matone unatia mara nne?"

"Mara nne."

Akakata simu. Qabale alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maziwa. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka ndoo chini, akafunga shela, akaenda kumwita Asmaa.

Asmaa alikuja mara moja. Aliliona jicho, uso wake ukabadilika.

"Mzee Guyo, hili si vumbi. Jicho lililopasuliwa likiwa jekundu na kuuma, ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ukingoja unaweza kulipoteza. Kwa nini umemwambia Harith ni zima?"

Guyo aliinamisha kichwa. "Yule mtu amenirudishia macho bila kuniomba hata mbuzi," alisema. "Nitamwaibishaje? Nimwambie kazi yake imeharibika? Tena niliyeharibu ni mimi. Matone sikutia."

Asmaa aliketi chini karibu naye.

"Nikuulize," alisema. "Umemtuma mtu akatazame kama malisho ya ng'ambo yana maji. Amekuta pamekauka. Lakini anakupenda, hataki kukuhuzunisha, anarudi na kusema maji yapo. Utafanya nini?"

"Nitahamisha ng'ombe," Guyo alisema.

"Halafu?"

Guyo aliwaona ng'ombe wake wote, kama katika ndoto, wakitembea juu ya udongo uliopasuka, wakitafuta.

"Watakufa," alisema.

"Harith naye amekutuma ukatazame. Hataki kusifiwa, anataka habari. Ukimwambia matone yamekufaa, ataandika yanawafaa wafugaji. Kesho atawapa wafugaji wengine mia, nao watasahau kama wewe. Lakini ukisema, 'Nimeshindwa kuyatia kwa sababu nilikuwa malishoni,' hapo hujamwaibisha. Umemjibu swali lake. Habari mbaya nayo ni habari."

Qabale alikuwa ameshampigia Harith simu. Alimpa Guyo mkononi.

"Daktari," Guyo alisema, "nilikudanganya. Jicho ni jekundu. Linauma. Matone sikutia siku nyingi."

"Asante, mzee wangu," Harith alisema. "Njoo sasa hivi. Nakungoja."

Jicho lilikuwa limevimba ndani. Harith alisema, zingepita siku chache zaidi, lingeharibika. Alimpa dawa kali zaidi, akampiga pia ile sindano. Hakumgombeza. Alimuuliza maswali mengi: chupa ulikaa nayo wapi? Ilipata joto? Siku ngapi ulisahau? Maji ya kunawa yalikuwa umbali gani? Yote akayaandika. Baada ya wiki mbili wekundu uliondoka, na pazia nalo likaondoka. Jicho likaona tena.

Mwaka ulipita. Siku moja watu wote walioshiriki waliitwa Garsen. Harith alisimama mbele yao. Alisema ni haki yao kujua walichokigundua pamoja. Waliokaa karibu na mji na wenye mtu wa kuwatilia matone, matone yaliwafaa sawa na sindano. Lakini waliohama na mifugo, wengi wao hawakuyamaliza, na macho yao yaliugua zaidi. Kwa hiyo kambi ijayo, mtu anayehama na mifugo atashauriwa achukue sindano.

"Si mwisho wa utafiti," Harith alisema. "Wenzetu watauliza swali hili kwingine pia. Lakini hapa kwetu tumejifunza kwa sababu mlisema ukweli, hata ule usiopendeza."

Hakutaja jina la mtu. Guyo alitazama mbele tu. Qabale alimgusa kiwiko.

Kambi ilipofika tena, Guyo alikwenda kwa ajili ya jicho la kulia. Safari hii hapakuwa na bahasha kwa mtu kama yeye, alipewa sindano. Kulikuwa na utafiti mwingine, wa miwani ya baada ya upasuaji. Kwenye benchi, karibu naye, alikaa mkulima wa Kipokomo kutoka Wenje. Aliitwa Komora. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Kuna miaka watu wa Komora na watu wa Guyo hawakukaa benchi moja, kwa sababu ya ugomvi wa maji na mashamba. Siku hiyo walikaa.

"Inauma?" Komora aliuliza, bila kujua anamuuliza nani.

"Kupasuliwa hakuumi," Guyo alisema. "Langu liliniuma baadaye, kwa uzembe wangu. Nitakueleza."

Akamweleza yote: matone, malisho, ule uongo wa simu. Komora alisikiliza, kichwa amekiinamisha kuelekea sauti. Kisha Harith akafika na karatasi. Akamweleza Komora kuhusu utafiti wa miwani, taratibu, mpaka mwisho.

Komora alifikiri sana.

"Hapana," alisema. "Mimi nataka kutibiwa tu. Utafiti siutaki."

"Sawa, mzee wangu," Harith alisema. "Utatibiwa tu."

Komora aligeuza uso kuelekea alikokaa Guyo, kama anayengoja lawama.

"Umesema ukweli wako," Guyo alimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yetu hapa."

Muuguzi akaita jina la Komora. Komora akainuka, akapapasa hewa. Guyo alimshika mkono, akamwongoza hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Huko aliona kizingiti, akamwambia, "Inua mguu."