Vidole Nyuma ya Kipanga

Kila jioni, akishaosha vyombo na kumaliza kazi za shule, Kijiti alienda roshani na kamera ya shangazi yake. Aliitwa Kijiti kwa wembamba wake, na jina likamkaa. Kamera ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni, lakini ukiiwasha lenzi yake ilichomoza kama shingo ya kobe na kukuletea karibu ndege aliye ng'ambo ya mtaa.

Shangazi, aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti ghorofa ya chini, ndiye aliyemfundisha kuishika.

"Bana viwiko mbavuni. Toa pumzi nusu, kisha bonyeza taratibu. Ndege hatakwambia, 'Nipige tena, nilifumba macho.'"

Sharti lilikuwa moja tu. "Ndege wa mtini na wa angani, sawa. Madirisha ya watu, hapana. Nikikuta picha ya dirisha, kamera inarudi kabatini."

Jioni moja mtaa ulikuwa kimya mno, na Kijiti alichukua muda kugundua kilichopungua. Ng'ambo ilikuwa nyumba ya fundi saa waliyemwita Mzee Majira. Saa zake za ukutani zilizoea kugonga kwa kupishana, hata watoto wakasema zinabishana. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na majirani walisema amesafiri kwa mwanawe. Sasa saa zote zilikuwa zimenyamaza.

Kipanga akatua kwenye dirisha la ghorofani la nyumba hiyo. Kijiti hakuwahi kumpata karibu hivyo, na maonyesho ya picha shuleni yalikuwa Ijumaa. Akageuka kuhakikisha hakuna anayemwona. Akabana viwiko, akatoa pumzi nusu, akabonyeza. Akabonyeza tena.

Ajabu ni kwamba ndege aliupa mtaa mgongo. Alikuwa ameinamisha kichwa, akichungulia ndani ya kioo kama mtu anayesikiliza.

Kijiti aliingia ndani akaikuza picha. Kwenye ukingo wa chini wa kioo, karibu na mkia wa ndege, palikuwa na vidole vinne, vimepauka. Akafungua picha ya pili. Vidole vilikuwepo, lakini vimehama.

Alikwenda mlango wa pili kwa rafiki yake Domo, ambaye aliitazama picha na kuirudisha kamera haraka, kana kwamba imemchoma.

"Hicho si kitu cha kuchezea. Futa."

"Na kama ni mtu?"

"Mtu gani? Mzee kasafiri. Nani akae sakafuni anapapasa kioo?" Domo alishusha sauti. "Halafu utamwambia nini shangazi yako? Kwamba unapiga madirisha ya watu? Kamera kwaheri, maonyesho kwaheri. Kata hivyo vidole, baki na ndege. Utashinda, wewe."

Kijiti alirudi nyumbani akaikata picha. Ilipendeza kweli. Lakini kila alipoitazama, jicho la kipanga lilikuwa limeelekea chini, pale pale alipokata. Kisha kutoka ng'ambo akasikia kioo kikigongwa kidogo. Tk. Kimya. Tk, tk. Haikuwa saa.

Aliteremka ngazi mbio mpaka studio.

"Shangazi, nimepiga dirisha."

Shangazi aliweka mkasi chini. Kijiti alimfungulia picha nzima, isiyokatwa. Shangazi aliitazama, uso ukabadilika.

"Umepiga lini?"

"Leo hii. Na bado anagonga."

"Basi mzee hajasafiri."

Seremala wa jirani alivunja kitasa, wakapanda. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mafuta ya mashine. Saa zilijaa ukutani, nyuso nyeupe tupu, kila moja imesimama kwa wakati wake. Chini ya dirisha la ghorofani, lililoanzia karibu na sakafu, alilala Mzee Majira, kiti kimepinduka kando yake. Alianguka akitia ufunguo saa, mguu ukavunjika. Sauti ilikuwa imemwisha, akabaki kugonga kioo kwa kucha. Vidole vilivyocheza ndivyo vilivyomvuta kipanga.

"Yule ndege," mzee alinong'ona walipomlowesha midomo, "nilidhani ananisubiri nife."

"Hapana, mzee," alisema seremala. "Alikuja kupigwa picha."

Gari la wagonjwa lilipoondoka, shangazi alifungua kabati.

"Kamera inakaa humu mpaka Ijumaa ipite."

"Sawa, shangazi."

"Uliikata, siyo? Nimeiona ile nyingine. Nzuri sana, ingekupa zawadi. Na mzee angekufa pale pembeni ulipokata." Akafunga kabati, kisha akamshika bega. "Kukosea utakosea tena, mwanangu. Ila ukija kwangu, njoo na kosa zima kama ulivyokuja leo. Kosa zima hutengenezeka. Lililokatwa vipande linamwacha mtu sakafuni."

Mzee Majira alirudi na magongo yake. Jioni ile ile saa zikaanza kubishana. Kijiti alikuwa roshani, kamera mkononi, mzee alipofungua dirisha na kumpungia. Akaishusha kamera, akampungia pia.