Kocha wa Mkono wa Kushoto

Kila siku masomo yakiisha, Elieth na rafiki yake Bridget walivuka barabara ya University, mabegi mgongoni, wakaenda uwanja wa softiboli nyuma ya maghorofa yao huko Adelphi, Maryland. Saa hizo mama yake Elieth ndiyo kwanza anaamka, maana alifanya kazi ya usiku katika chumba cha kufulia cha hoteli. Elieth alikuwa na miaka kumi na tatu, na ndiye mrushaji wa timu: yule anayezungusha mkono duara zima na kuuachia mpira kwa chini, na mwenye gongo anautafuta haoni kitu. Alikuwa hodari, na ubaya ni kwamba alijijua.

Kocha wao, Wamaitha, alikuwa Mkenya aliyekulia hapohapo Maryland. Mchana alifanya kazi ofisini Upper Marlboro, jioni alifika mbio, anabadili viatu huku anafoka, "Haya, mbio! Nani amewaambia mkae?" Wasichana walijua kwamba zamani alikuwa mrushaji wa chuo kikuu, tena wa kutajwa. Walijua pia kwamba ni mshoto, kwa sababu kila kitu aliwafundisha kwa mkono wa kushoto. Zaidi ya hapo hakusema, nao hawakuthubutu kumuuliza.

Mwezi wa Aprili bega la Elieth likaanza kuuma. Akanyamaza, maana mashindano ya mji wa Herndon yalikuwa yanakaribia, na huko makocha wa timu kubwa ya vijana wangekuja kuchagua wachezaji. Lakini mama alimwona akivaa sweta kwa taabu, akampeleka hospitali. Pale mapokezi wakauliza kama mama atahitaji mkalimani. Elieth akadakia, "Mimi nitamtafsiria."

Daktari akasema, "Asirushe mpira kwa miezi miwili. Kano ya bega imeumia. Akilazimisha, itakatika."

Mama, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu atoke Bukoba, akamgeukia bintiye. "Anasemaje?"

"Anasema ni uchovu tu, mama. Nichuliwe, nitapona."

Mama akamshukuru Mungu, akamshukuru na daktari kwa Kiingereza chake kidogo. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kwenda kazini, alimchua bega lile kwa mikono iliyochoka, huku anamwombea. Na mtoto ametulia tu, anachuliwa! Jamani, roho gani hiyo?

Jumamosi ya mashindano mama aliomba ruhusa kazini, akaja Herndon na chapati za timu nzima. Elieth alikuwa anafunga nywele kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia unaning'inia. Kocha Wamaitha akamtazama kwa muda, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama Elieth, habari za asubuhi. Huyu bega linamsumbua. Ulimpeleka kwa daktari? Alisemaje?"

"Nzuri, mwalimu. Alisema ni uchovu tu."

"Alikuambia mwenyewe?"

"Thubutu! Kile Kiingereza chao ningekiweza? Elieth alinitafsiria."

Wote wawili wakamgeukia. Elieth, kama kawaida yake akibanwa, akaanza kujitetea kwa Kiingereza.

"Kwa Kiswahili," Kocha akamkata. "Mama yako asikie."

Elieth akaangua kilio. "Alisema nisicheze. Miezi miwili."

Mama aliweka chapati chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mle chumbani mwa daktari sikuwa na masikio mengine ila yako, Elieth," alisema.

"Kocha, tafadhali, leo tu! Wale makocha wako pale!"

"Nimewaona. Vua glavu."

Timu ilichapwa vibaya siku hiyo. Bridget, aliyekuwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, alikusanya vifaa vyake akampita rafiki yake bila hata kumtazama. Hilo lilimuuma Elieth kuliko bega.

Watu walipotawanyika, Kocha akaja kuketi karibu naye. Akajaribu kuinua mkono wake wa kulia. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

"Mimi si mshoto," alisema. "Nilipokuwa chuoni, watu waliamini kurusha kwa chini hakuchoshi mkono. Nikarusha mechi zote, wikendi nzima. Bega lilipouma nilimwambia daktari wa timu niko sawa, na mama yangu nikamwambia hivyo hivyo. Mwaka wa pili kano ikakatika. Watu husema niliacha kucheza kwa kupenda ukocha. Si kweli. Ukocha nilikuja kuupenda baadaye. Mwanzoni niliuchukua kwa uchungu, kwa kuwa sikubakiwa na kingine."

"Bado unauma?" Elieth akauliza.

"Kila nikiwaona mkirusha."

Wiki iliyofuata walirudi hospitali. Kabla Elieth hajafungua mdomo, mama akamwambia mtu wa mapokezi, kwa Kiingereza alichojifunza njia nzima, kwamba anahitaji mkalimani. Elieth akakaa pembeni, mikono mapajani, huku sauti ngeni ikizungumza na mama yake kwa Kiswahili kutoka kwenye simu. Bega lingepona, daktari alisema, kwa sababu lilipumzishwa mapema. Lakini msimu huo Elieth asahau kucheza.

Walipotoka nje, mama alisimama kwanza akamtazama.

"Leo nimesikia mwenyewe," alisema. "Ukificha maumivu, mwanangu, unawafunga mikono wote wanaotaka kukusaidia. Bega daktari atalitibu. Lakini mimi kukuamini tena, hilo halina dawa ya kuchua. Hapo itabidi tuanze upya, wewe na mimi."