Sentensi ya Meilin

Kila asubuhi Guifang humpikia mumewe tambi zenye pilipili nyingi. Wiki hiyo mumewe, Shoutian, alitaka uji wa mchele tu.

"Umerudia utoto?" Guifang alimtania.

Shoutian alicheka, kisha akamtupia jicho binti yao. Meilin akainamia daftari lake la Kiingereza. Guifang aliliona jicho lile, na roho haikutulia.

Mama yake Guifang alipougua, ukoo mzima ulimficha mgonjwa ugonjwa wake. Ndiyo desturi. Guifang naye alificha. Sasa alihisi ni zamu yake kufichwa jambo.

Meilin alipotoka, Guifang alilichukua daftari na kulipeleka kwa jirani, Mwalimu Pang, mwalimu mstaafu wa Kiingereza.

"Nisomee, Mwalimu. Usinifiche."

"Ni maneno ya kusimulia yanayompata mtu," alisema Mwalimu. "'Suffer' ni la maumivu au hasara. 'Undergo' ni la kufanyiwa jambo, kama vipimo, au kupitia mabadiliko. 'Experience' hubeba mema na mabaya. Sisi Wachina neno letu moja hututosha kwa mengi, ndiyo maana wanafunzi huyachanganya."

"Na huu mstari wa chini kabisa?"

Mwalimu alisita. "Hapo mwanafunzi hutunga sentensi ya kweli kuhusu nyumbani kwao."

"Soma!"

"'Baba yangu atafanyiwa upasuaji wa tumbo Jumanne.'" Mwalimu akavua miwani. "Ametumia 'undergo'. Amepatia."

Guifang alirudi nyumbani na kuliweka daftari mbele ya mumewe.

"Jumanne mngeniaga mnakwenda wapi? Kuvua samaki?"

"Una presha, mke wangu," Shoutian alisema. "Tuliogopa."

"Presha mmeipandisha ninyi! Wiki nzima nadhani una mwanamke!"

Siku iliyofuata walikwenda hospitali wote watatu kwa vipimo vya kabla ya upasuaji. Daktari aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote.

"Hakuna," alijibu Shoutian.

"Ipo!" Guifang alidakia. "Kila siku namtilia mizizi ya danggui, dawa yetu ya kienyeji ya kutia nguvu, kwenye uji. Hajui."

Daktari aliweka kalamu chini. "Afadhali umesema, mama. Mizizi hiyo huweza kuzidisha kutokwa na damu. Aiache, tutampasua baada ya wiki mbili."

Meilin alilia palepale; siri yao ingemponza baba.

Upasuaji ulikwenda salama. Shoutian aliporudi kwenye tambi zake, Meilin alifungua daftari.

"Mama, natunga sentensi mpya. Niandike nani alipitia wakati mgumu? Baba?"

Guifang aliongeza pilipili bakulini.

"Andika 'sisi'."