Bibi Yuko Jumuiya

Kila Jumapili saa kumi jioni, Felicitas alikaa kwenye kigoda barazani kwao, Mtoni, akisubiri simu ya mama yake. Mama Filomena alikuwa Ujerumani mwaka wa tatu sasa. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, huku akijiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi ya nchi ile. Utaratibu wa simu haukubadilika: Felicitas alieleza habari za shule, kisha aliingiza simu ndani kwa Bibi Marietha, na hapo mama na bibi waliongea Kihaya mpaka chaji iishe.

Tangu mwanzo wa Mei, simu haikuingia ndani tena.

Alhamisi moja asubuhi Bibi alidondosha kikombe cha chai. Mdomo ulikuwa umevutwa upande wa kushoto, mkono wa kulia ulining'inia, na maneno yalitoka kama ya mtu aliyejaza ubwabwa kinywani. Mjomba Ansbert, kaka yake mama, alimkimbiza hospitali kwa bajaji. Ilikuwa kiharusi. Bibi alilazwa siku sita. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimpa Mjomba karatasi iliyosema mazoezi ya viungo na ya kuongea yaanze mara moja, siku tatu kwa wiki.

Mjomba aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Alikuwa karani, mtu wa kusoma kila kitu. Kisha akaifungia kabatini.

"Mtu wa miaka sabini na moja anyooshwe viungo kama mwanajeshi?" alisema. "Mgonjwa hupumzishwa. Akipata nguvu tutakwenda."

"Na mama tutamwambia nini, Mjomba?"

"Mama yako haambiwi kitu. Ana mtihani mwezi ujao. Mtu aliye ugenini hapewi habari ya ugonjwa kwenye simu, Feli. Atafanya nini kule, zaidi ya kulia? Akikuuliza, sema Bibi yuko jumuiya, anasali na wenzake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ya kwanza Bibi alikuwa jumuiya. Ya pili alikuwa jumuiya. Ya tatu Felicitas alisema Bibi amekwenda kumtazama mgonjwa.

"Na hii kamera yenu ina nini?" mama aliuliza. "Nakusikia tu, sikuoni."

"Inasumbua, mama."

Jesca, rafiki yake wa darasa la sita, aliyajua yote, maana walipakana ukuta.

"Kwa sala hizo," Jesca alimtania wakienda shule, "bibi yako atatangazwa mtakatifu angali hai."

Felicitas alicheka, kisha akauliza, "Wewe unaona ni sawa?"

"Kila mtu anafanya hivyo, bwana. Baba alipokuwa Omani, sie tulimficha msiba wa babu miezi minne."

"Aliporudi je?"

Jesca alipiga teke kifuniko cha chupa. "Alienda makaburini peke yake. Wiki nzima hakumsalimia mtu pale nyumbani. Hata mie."

Kazi ya kumwogesha Bibi jioni ilikuwa ya Felicitas. Siku baada ya siku aliona vidole vya mkono wa kulia vinajikunja kuelekea kiganjani. Mwanzoni vilifunguka kwa urahisi. Wiki ya tano alipojaribu kuvifungua ili akate kucha, Bibi alitoa sauti ya maumivu na machozi yakamtoka jicho moja. Kisiginoni palikuwa na kidonda cha kulala mno. Felicitas alimwambia Mjomba.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo," Mjomba alijibu bila kumtazama. "Mpake mafuta."

Jumapili ya sita mama alipiga akiwa mchangamfu. Mtihani alikuwa ameufanya Ijumaa, na mdomo haukumkauka.

"Kuna bibi mmoja hapa kazini, Feli, alipatwa na kiharusi. Unajua siku ya tatu tu walimkalisha? Mie nikasema, hawa watu hawana huruma. Kwetu si tungemlaza, tumpikie uji? Kumbe wanajua. Sasa anashika kijiko mwenyewe."

Felicitas aliuliza, "Asipofanyishwa mazoezi inakuwaje?"

"Mkono unajikunja. Ukishakakamaa, kuufungua ni kazi, na kwa wengine haufunguki tena. Na maneno ndiyo hivyo. Miezi ya mwanzo ina faida kuliko yote. Mbona unauliza?"

Felicitas alitazama mlango. Mjomba alikuwa ndani, redio ikisoma matokeo ya mpira.

"Mama, Bibi hayuko jumuiya."

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mwanzo wa Mei."

"Washa kamera. Nipeleke ndani."

Kamera haikuwa na tatizo lolote. Mama alimwona mama yake. Bibi alijaribu kuita jina, na kilichotoka kilikuwa sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake. Mama hakulia. Alisema, "Mgeuze nione mgongo. Nionyeshe kisigino. Fungua vidole taratibu, acha, acha, usilazimishe." Alipomaliza, alisema, "Sasa mpe simu mjomba wako."

Mjomba aliipokea akiwa amesimama.

"Tulikuhurumia, Filo," alisema.

"Mmenihurumia mie. Na yeye nani kamhurumia, kaka?"

Jioni ile Mjomba alifungua kabati, akaitoa karatasi ya daktari.

Kesho yake walikwenda hospitali. Bi Rosalia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliukunjua mkono wa Bibi kidogo kidogo, akapima na kuandika. Hakugombeza. Alisema tu yaliyopo: mguu unaweza kusaidika, kidonda kitapona, mkono sidhani. Kuhusu kuongea alisema watajaribu, lakini wasitegemee sana. Hata wanaowahi si wote wanaorudi kama zamani.

Walijaribu. Mjomba aliomba ruhusa kazini siku tatu kila wiki na hakukosa hata moja. Kufikia Agosti kidonda kilikuwa kimefunga, na Bibi aliweza kwenda kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani. Mkono ulibaki umefungwa. Katika maneno yake yote, lililorudi lilikuwa moja: "Ee."

Mwezi huohuo mama alipata likizo ya wiki mbili. Kila siku alikaa karibu na Bibi akimsimulia kwa Kihaya, na Bibi alijibu "Ee." Mama alipomwuliza kama anaumwa, alijibu "Ee." Alipomwuliza kama haumwi, alijibu "Ee."

Siku ya mwisho, begi likiwa limefungwa, mama aliwaita Felicitas na Mjomba barazani.

"Sikuiti mwongo, Feli," alisema. "Ulitumwa na mtu mzima, na mwisho ukasema kweli. Hilo nakushukuru. Lakini ulisema wiki ya sita, na mkono ule ulikuwa unafunguka wiki ya kwanza."

"Kosa ni langu," Mjomba alisema. "Mtoto aliniambia, sikumsikiliza. Nilidhani kuficha ni adabu."

"Kwetu ni adabu, kaka, najua. Hata mie nilimficha marehemu baba mambo mengi, nikidhani namtunza. Lakini anayefichwa hawezi kusaidia. Ningeambiwa ile Alhamisi, nisingeweza kuja, lakini ningeweza kusema mazoezi yaanze. Feli, ukiulizwa hali ya mgonjwa, jibu ilivyo, hata kama jibu linauma, hata kama aliyekutuma ni mkubwa wako. Na mgonjwa akiandikiwa matibabu, yafanywe yaliyoandikwa, si yale tunayoyaona sisi yana huruma."

"Nimesikia, mama," Felicitas alisema.

Gari lilipiga honi nje. Mama aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda na kumuaga mama yake kwa Kihaya, maneno mengi, bila haraka. Kisha akangoja.

"Ee," Bibi akasema.