Picha Mia Nne za Msitu Mtupu

Siku ya kufungua shule, studio ya picha ilikuwa haina pa kutia mguu. Wanafunzi walijazana hadi barabarani, kila mmoja akitaka picha nne ndogo za fomu, na kila mmoja akiapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya vurugu hiyo mwenye studio, dada wa miaka thelathini na miwili aliyevaa gauni la kijani na miwani aliyoisahau kichwani, alisikia sauti ya kiume ikisema kwa upole:

"Samahani dada, mimi zangu ni mia nne."

Foleni nzima ikaguna. Dada Picha, maana ndivyo mtaa ulivyomwita, akainua macho. Mbele yake alisimama bwana mrefu mwembamba, suruali ya mifuko mingi, buti zimeganda tope.

"Mia nne za harusi?"

"Za msitu."

Dada Picha akazifungua kwenye kompyuta. Miti. Nyasi. Miti tena.

"Kaka yangu, humu hamna mtu."

"Najua. Namtafuta mnyama ambaye watu wanabishana kama yupo ama hayupo. Kamera zangu nimezifunga mitini, zinapiga zenyewe."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Dada Picha hakucheka, na yule bwana aliliona hilo. Kwa mtu aliyezoea kuchekwa kila anapofungua mdomo, lilikuwa jambo kubwa.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Kisha zikaanza simu.

"Haya, Mtafiti, leo ameonekana?"

"Nimemwona mmoja. Ana gauni la kijani, mpole, ila ukichelewa kuchukua picha anang'ata."

"Mchokozi wewe!"

"Basi nije kesho niombe radhi kwa chai."

"Njoo. Na hizo buti uzioshe, hapa si msituni."

Siku ya chai ile ndipo Dada Picha alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mwanamume yeyote.

"Baba yangu alimwona. Alikuwa dereva wa lori la magogo. Mchana kweupe, mvua ndiyo kwanza imekatika, mnyama akavuka barabara mbele yake. Manyoya kuanzia shingoni hadi mgongoni, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Bega lilikuwa sawasawa na kioo cha pembeni cha lori. Aliporudi nyumbani akapima kile kioo kutoka chini, akachora alama ya mkaa ukutani. Futi tano na nusu." Akaweka kikombe chini. "Wenzake wakamwita Bwana Zimwi. Miaka tisa sasa tangu tumzike, na hata siku ile kaburini mtu mmoja alisema, 'Haya, pumzika, Bwana Zimwi.' Watu wakacheka. Msibani!"

Mtafiti aliandika kila neno kwa penseli. Kuhusu kile kioo aliuliza mara mbili.

"Angalau sasa ataingia kwenye kitabu chako," alisema Dada Picha. "Ukurasa mmoja tu unanitosha. Aandikwe kama shahidi, si kama kichekesho."

Mtafiti aliinamia kikombe chake.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukupita wakawa wanaitana mpenzi mbele ya wateja. Jumamosi moja Dada Picha alikwenda chumbani kwa Mtafiti, na mwenyeji wake akatoka mara moja kununua sukari. Juu ya meza palikuwa na boksi la viatu lililojaa kadi za mashahidi. Alishaelezwa mpango wake: nyeupe ni za kuaminika, njano ni za kutilia shaka, nyekundu hazitumiki kabisa. Akamtafuta baba yake kwenye nyeupe. Hayupo. Kwenye njano hayupo. Alimkuta mwishoni, kwenye nyekundu: "Dereva wa magogo. Asitumike."

Akairudisha kadi, akachukua mkoba wake. Walikutana kwenye ngazi.

"Mpenzi, unaenda wapi? Sukari hii hapa."

"Naenda kwa Bwana Zimwi," alisema, akashuka. Siku hiyohiyo akaifungia namba ya Mtafiti.

Wiki sita zilikuwa ndefu. Mchana aliwaambia watu watabasamu, jioni alifunga studio akatembea peke yake hadi nyumbani alikoishi na mama yake, wakala bila maneno mengi. Simu aliigeuza kifudifudi mezani, kisha akawa anaigeuza tena kuitazama. Picha za msitu ziliendelea kuletwa na mtu wa vifurushi, naye alizichapa bila kuzitazama, maana kazi ni kazi.

Alhamisi moja wateja hawakuja. Akakalia kile kigoda cha kupigia watu picha, akazitazama. Kitu kilimshtua. Picha za zamani zilionyesha nyasi na mizizi. Hizi zilionyesha matawi na vifua vya miti. Kamera zote zilikuwa zimepandishwa juu. Katika picha moja alionekana Mtafiti mwenyewe, kakonda, ameshika utepe wa kupimia. Akatafuta tarehe ya picha ya kwanza iliyopandishwa. Ilikuwa kesho yake baada ya ile chai; siku zile alizichapa macho yakiwa kwa mwenye picha.

Akaifungua namba, akapiga.

"Kwa nini umeinua kamera?"

"Baba yako alisema bega lilifika kwenye kioo. Mimi miaka yote nilikuwa nampiga mnyama picha za magoti."

"Sasa mbona ukamtia kwenye nyekundu?"

"Kwani hukuigeuza kadi?"

"Niigeuze ya nini?"

"Ngoja nikusomee. 'Mtafiti anampenda binti wa shahidi. Hawezi tena kuyapima maneno haya kwa haki.' Ndiyo sheria yangu ya kwanza, mpenzi. Watu wanangoja kosa moja tu wanicheke mimi na mashahidi wote. Niliiandika jioni ya ile chai."

"Wewe! Uliniambia unanipenda wiki tatu baadaye!"

"Niliogopa. Kadi haikuogopa."

Dada Picha akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sikiliza," sauti ya Mtafiti ilishuka. "Nataka kukuoa. Lakini tukioana, ule ukurasa wa baba yako hautakuwepo. Tukiachana, baada ya miaka michache naweza kukuhoji upya. Sikufichi kitu. Chagua wewe."

"Njoo kwanza nyumbani," alisema.

Alifika kesho yake mchana, shati limepigwa pasi, buti zinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayetafuta zimwi?"

"Ndiye mimi."

Mtafiti akasogea ukutani, kando ya mlango, akaweka utepe kwenye ile alama ya mkaa. Futi tano na nusu kamili. Akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Kilikuwa cheusi tii.

"Mama, mkaa wa miaka mingi hauwi mweusi hivi," alisema taratibu. "Nani huichora upya?"

Dada Picha akamgeukia mama yake. Kila siku alipita hapo mlangoni, wala hakuwahi kujiuliza.

Mama akakaa kwenye kiti. "Siku aliyoichora nilimcheka kuliko hao wenzake wote. Alitaka mtu mmoja tu amwamini, na huyo mtu nilikuwa mimi." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Alipoondoka, ikaanza kufifia. Nikaona aibu. Naichora kila mwaka."

Dada Picha akaushika ule mkono wa Mtafiti wenye masizi.

"Kadi iache nyekundu," alisema. "Na mimi jibu langu ni ndiyo."

Mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa.

"Umeifuta kidogo hapo," alimwambia mkwewe. "Irudishie."